Kikombe Kilichojijaza

Sehemu ya tisa

Kufuli.

Naam, kufuli. Hilo ndilo lililokuwa likiuzuia mlango wa nyuma, msomaji wangu, wala si mzimu kama ulivyowatangazia wenzako kazini wiki nzima.

Mokeira aliusukuma mlango kwa bega, akaupiga teke, kisha akainama kuchungulia kwenye ufa. Aliona kufuli jipya likining'inia kwenye pete ya chuma. Huko nje, nyuma ya kufuli, waliinama vijana kando ya bodaboda, mmoja ana mpira mdomoni, anafyonza petroli kutoka kwenye tangi na kuielekeza kwenye jerikeni.

"Wametufungia kwa nje," alisema.

"Kina nani?" Duncan aliuliza.

"Kina nani! Kwani unadhani wale wanaopiga kelele huko ni watu wa harusi?"

Jiwe likatua juu ya mabati, ngwa! Likaviringika mpaka kwenye mfereji wa maji ya mvua.

Haya, kwa wewe ambaye gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungiwa mandazi, karibu, kaa, nikueleze upesi kabla nyumba haijawaka.

Nyumba ni ya Gesare, mjane wa Nyamongo, huko Nyamira, kwenye mteremko ulio juu ya soko la Magwagwa. Humo ndimo Duncan, mwongozaji, alimorekodi tamthilia yake ya kutisha, Mgeni wa Marehemu, inayowanyima watu usingizi kila Ijumaa. Mokeira, binti wa Suneka, ndiye aliyekuwa mlinzi wa mfululizo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mwigizaji akiwa na kofia kichwani kamera ikiwa mlangoni, anayo bado kamera ikihamia dirishani. Kazi ndogo, utasema. Ngoja.

Katika kipindi cha tatu marehemu anarudi nyumbani, anaketi mezani, anakunywa chai. Anaimaliza. Kamera inageuka, inarudi: kikombe kimejaa. Anakunywa tena mpaka chini. Kamera inageuka, inarudi: kimejaa pomoni. Hakuna aliyekigusa. Na nyuma yake, dirishani, kwenye migomba, anapita mwanamume ambaye hayumo kabisa kwenye hadithi.

Nairobi walicheka. Walikata vipande hivyo, wakavisambaza kwenye simu, wakasema hawa hawajui kurekodi. Magwagwa hakuna aliyecheka. Waliijua ile nyumba. Walikijua kile kikombe cha bati la samawati chenye pengo mdomoni, maana wengi wao walishakinywea. Na yule mwanamume wa dirishani, mabega yale, ule mwendo wa kuinamia mbele, walisema ni Nyamongo mwenyewe, waliyemzika kwa mikono yao.

Basi leo asubuhi Makori, mdogo wake Nyamongo, akafukua kitu kwenye migomba ya shemeji yake mbele ya watu. Mkebe wa mafuta ya kupikia, wa manjano, umefungwa kitambaa chekundu, na ndani mna nywele na manyoya ya kuku. Neno likapita mdomo hadi mdomo: omorogi. Mchawi. Mokeira alipofika mbio kutoka Suneka kumwonya mama wa watu, alimkuta Duncan ameshatangulia na kamera yake. Hawajaketi vizuri, umati ukawazingira.

Umenielewa? Tuendelee.

Duncan alikuwa ameishika grili ya dirisha kwa mikono miwili, anaitikisa. Mikono ya shati lake alikuwa ameikunja mpaka viwikoni, jasho linamtiririka, na bangili yake ya shaba ilikuwa ikigonga vyuma, kiling', kiling'. Grili haikutikisika. Marehemu Nyamongo alikuwa fundi wa kulehemu huko Ogembo, na alichokilehemu yeye hakikuwa cha mchezo.

"Hii nyumba ni jela!" Duncan alifoka.

"Mzee wangu aliogopa wezi," Gesare alisema kutoka mezani. "Hakujua nitakuja kuwaogopa majirani."

Na mama huyo alikuwa akifanya nini wakati watu wanataka roho yake? Alikuwa anamimina chai! Wallahi, kama ningekuwepo ningempokonya thamosi.

"Mama, tafadhali," Mokeira alisema. "Huu si wakati wa chai."

"Ni wakati wa nini basi? Wa kulia? Nitalia baadaye, machozi hayapoi. Kaa chini, mwanangu. Umetoka Suneka bila kitu tumboni."

Mokeira aliketi, akapokea kikombe. Aliogopa. Aliogopa mpaka meno yakagonga ukingo wa kikombe.

"Naibu wa chifu anasemaje?" alimuuliza Duncan.

"Yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani tu. Anasema barabara imekuwa tope tupu."

Jiwe jingine, ngwa! Mokeira akanywa chai yake haraka haraka, kama dawa. Gesare, bila hata kutazama, akakijaza kikombe. Alikuwa anamweleza Duncan kwamba darini hakupitiki, kwamba mabati yale yamepigiliwa na kulehemiwa, na huku mkono unamimina. Mokeira akanywa tena. Mkono ukamimina tena.

Mokeira akakitazama kikombe. Akaitazama thamosi. Akamtazama mama.

"Mama."

"Ee."

"Siku ile tuliyorekodi marehemu akinywa chai. Tulipokuwa tunatoka nje kupumzika, kikombe kilikuwa kinabaki hapa mezani."

"Kilikuwa kinabaki."

"Nani alikuwa anakijaza?"

Gesare alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea wapi.

"Si mimi? Yule kijana mwigizaji alikuwa mgeni wangu. Mgeni akae kwangu na kikombe kitupu, tena watu wanampiga picha? Ili nchi nzima iseme Gesare ni mchoyo? Mlikuwa mkitoka najaza. Mnarudi, anakunywa. Mnatoka tena, najaza. Na nyinyi nanyi mlikuwa mnatoka na kuingia kama kuku!"

Mokeira alitaka kucheka, kikatoka kilio. Wiki kadhaa alikaa kwenye chumba cha kuhariri akitafuta ni wapi picha zilichanganyika, akijilaumu, akikosa usingizi. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi pembeni ya meza hii hii, kikombe chake kinajazwa, anashiba, anashukuru, na haikumjia kamwe kwamba kile cha mwigizaji nacho kinapata baraka hiyo hiyo. Alipoliona kosa alimwambia Duncan alikate. Duncan akakataa. "Liache," alisema. "Watu wakibishana, sisi tunatazamwa."

"Mama, mzimu ni wewe!" Mokeira alisema huku akifuta machozi. "Hakuna jini, hakuna nini. Ni ukarimu wako ndio unaotaka kukuua!"

Alikimbilia dirisha la mbele. Ua lilikuwa limejaa watu mpaka kwenye michai. Nyuso alizozijua, watu waliokuja kushangilia wakati wa kurekodi, waliobeba vyombo, waliokula naye. Mbele kabisa alisimama Makori na ule mkebe mkononi. Karibu naye alikuwa Edinah, yule dada anayesuka nywele sokoni, ambaye aliwasuka waigizaji wote.

"Nisikilizeni!" Mokeira alipaza sauti. "Kikombe hakikujijaza! Mama ndiye alikuwa anakijaza tukitoka! Kwa thamosi! Hamumjui?"

Minong'ono ikapita.

"Hiyo naye ni kweli," mzee mmoja alisema. "Huyu mama hakuachi na kikombe tupu. Mimi siku moja nilikunywa hapo mpaka nikatoroka kupitia kwa migomba."

Watu wakacheka. Wallahi wakacheka! Mokeira aliona mabega yakilegea, mawe mawili matatu yakidondoka kimya kimya kwenye nyasi. Moyo wake ukapanda.

Makori akainua mkebe juu.

"Na hii? Hii pia alikuwa anawaongezea wageni? Na ndugu yangu kwa dirisha, pia alijazwa na thamosi? Nyinyi wote mlimwona Nyamongo kwa macho yenu! Nani hakumwona?"

Kicheko kikakatika. "Tulimwona!" wakaitikia. "Omorogi! Atoke!"

Gesare alikuja akasimama kando ya Mokeira. Alikuwa mfupi, uso wake ukaingia katikati ya vyuma viwili kama picha kwenye fremu.

"Makori, shemeji," alisema. "Nilipoolewa hapa ulikuwa mtoto wa kaptura. Nilikulisha, nikakufulia, nikakupeleka shule."

"Nililishwa na mchawi! Ndio maana sijawahi kufanikiwa!"

"Hili shamba unalolitaka, ungeniomba tungeongea. Si lazima nichomwe ndipo ulipate."

Baadhi ya watu walitazamana, lakini mawe hawakuyaweka chini. Mtu akiwa ndani ya umati, msomaji, akili huiacha nyumbani pamoja na mwavuli.

"Atoke mwenyewe!" Makori alipiga kelele. "Asipotoka, moto utamtoa!"

Na hapo harufu ikaingia. Petroli. Ilikuwa inapita chini ya mlango wa nyuma, inatambaa kwenye sakafu ya saruji, imelowesha mkeka.

Gesare alifunga vizuri kitambaa chake cha kichwani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu. "Mokeira, nifungulie mlango wa mbele. Wakishanipata mimi watawaacha nyinyi. Nyinyi bado vijana."

"Yaya, hapana, mama. Hutoki."

"Mwanangu..."

"Nimesema hutoki! Ni kazi yangu iliyokuletea haya. Ukitoka tunatoka wote."

"Labda mama anasema ukweli," Duncan alisema. "Labda tukizungumza nao..."

"Duncan, ukirudia hilo neno nitakutoa wewe kwanza."

Mokeira alitoa simu. Akaifungua ile video. Marehemu anakunywa chai. Dirisha. Migomba. Mtu anapita.

Watu wote hutazama uso. Na uso ule ulikuwa nusu gizani, ukikutana na mabega yale, hata mimi ningeapa ni Nyamongo. Lakini mlinzi wa mfululizo hatazami uso. Anatazama viatu, maana waigizaji wakienda kula hubadilisha viatu na kusahau, na kesho yake marehemu anafufuka na sandali. Shamba la Gesare limepanda mlima nyuma ya nyumba, na mtu akipita huko juu anaonekana mpaka miguu.

Mokeira aliikuza picha. Gambuti. Gambuti nyeusi za mpira, na ile ya kushoto imekatwa, fupi, imeishia kwenye kifundo.

Akainua macho, akatazama nje kupitia grili, akatafuta miguu.

Makori alikuwa amesimama kwenye tope. Gambuti nyeusi. Ya kushoto imekatwa.

Mokeira akarudi kwenye simu. Chini ya kwapa la yule mzimu palikuwa na kitu cha manjano. Na kwenye hicho kitu cha manjano palining'inia kitambaa chekundu.

"Nyasae! Mungu wangu!" alisema. "Duncan! Duncan, njoo uone! Huyu si Nyamongo. Ni Makori! Ni Makori anakwenda kufukia mkebe wake, na sisi tulikuwa tunarekodi!"

Alitarajia Duncan aruke kwa furaha. Wewe ungeruka. Mimi ningecheza. Duncan aligeuka rangi.

"Lete hiyo simu," alisema.

"Ngoja niwaonyeshe kwanza."

"Usiwaonyeshe hilo dirisha."

"Kwa nini?"

"Lete simu, Mokeira!"

"Wanataka kutuchoma, Duncan! Umerukwa na akili?"

"Hujui unachofanya! Watu wakijua mzimu ni jirani na mkebe wake, tamthilia imekwisha! Kazi yangu yote imekwisha!"

Alimrukia. Walivutana, simu ikaruka, ikaanguka sakafuni kifudifudi. Mokeira aliinama kuiokota, lakini kisigino cha Duncan kilifika kabla yake. Kioo kikalia kama yai linalovunjwa.

"Imeniponyoka," Duncan alisema.

Imemponyoka, eti! Msomaji, nakuachia wewe uwe hakimu.

"Yako iko wapi?" Mokeira alimuuliza kwa sauti ya kukauka.

"Imezima. Chaji imekwisha."

"Dakika hii ulikuwa unaongea na naibu wa chifu!"

"Ndiyo ikaisha."

Gesare alitoa yake mfukoni mwa aproni. Ilikuwa kabambe ya zamani yenye tochi, ya kupiga na kupigiwa. Akaitazama, akairudisha mfukoni.

Petroli ilikuwa imefika kwenye mguu wa meza. Nje walikuwa wakibishana nani atawasha, maana hata kwenye uovu watu hutegeana. Mokeira alisimama katikati ya sebule na kujisikia kama panya kwenye mtego wa chuma. Mlango wa nyuma una kufuli. Wa mbele una umati. Madirisha yote yamelehemiwa na marehemu. Na ukweli wote wa kumwokoa huyu mama umelala sakafuni umesagwa.

Kisha akajipiga kofi la paji la uso. Mjinga mimi! Umesagwa wapi? Ile video si iko nje? Iko kwenye mifuko yao wote! Si hiyo ndiyo iliyowaleta?

Alirudi dirishani mbio.

"Edinah! Edinah, dadangu! Unayo ile video ya kikombe?"

"Nani hana?" Edinah alijibu.

"Ifungue! Mtazame mzimu miguuni!"

"Miguuni?"

"Miguuni! Kuza picha uangalie amevaa nini!"

"Msimsikilize!" Makori alinguruma. "Anawaroga na maneno! Mtu asitazame!"

Lakini wewe mwambie kijana wa siku hizi asitazame simu yake, uone kama atakusikia. Simu zilitoka mifukoni kama kumbikumbi baada ya mvua. Vichwa vikainama. Vidole vikakuza picha.

Edinah ndiye aliyesema wa kwanza.

"Gambuti," alisema. "Amevaa gambuti."

"Na iko nini na hiyo?" Makori aliuliza.

"Nyamongo tulimzika na suti ya kijivu na viatu vya kung'aa. Mimi nilikuwa hapo, nililia mpaka nikaanguka. Alienda sokoni lini kununua gambuti?"

"Tena ya left imekatwa," kijana mmoja wa bodaboda alisema. "Manze, cheki. Na hapa kwa kwapa ako na kamkebe. Si ni hako ka-yellow?"

Vichwa vikainuka kutoka kwenye simu. Vikashuka tena, vyote kwa pamoja, mpaka kwenye miguu ya Makori. Makori akajaribu kuuficha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Makori iliishia pale pale kwenye gambuti yake.

"Mzee Makori," Edinah alisema, "ulitaka tumuue mama wa watu? Mimi nimebeba jiwe tangu saa ile. Mimi! Ulitaka nimpige mama aliyenilea kwa chai?"

"Nilikuwa napita tu..."

"Na mkebe?"

Ndani, Mokeira alimkumbatia Gesare, akamwinua mama mzima mzima kutoka sakafuni. "Umepona, mama! Umepona!" Gesare alikuwa bado anatazama nje, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepona.

"Mokeira," alisema. "Waangalie."

Mokeira akatazama. Umati haukuwa umetawanyika. Ulikuwa umegeuka tu. Ile jerikeni iliyokuwa nyuma ya nyumba sasa ilikuwa inapitishwa mkono kwa mkono kuja mbele.

"Petroli si iko?" sauti ilisema. "Iende bure?"

"Mchomeni yeye!"

"Hapana!" Mokeira alilia kupitia grili. "Sikusema hivyo! Mpelekeni kwa chifu! Edinah, waambie!"

Lakini sauti iliyowasha moto haiwezi kuuzima, na hakuna aliyemsikia. Makori alitupa mkebe, akakimbilia michai, akakuta watu. Akakimbilia barabarani, akakuta watu. Alizunguka ua kama kuku wa Krismasi, gambuti moja ikabaki kwenye tope, na pahali pekee palipobaki wazi ni palipokuwa mlango wa mbele wa Gesare.

Alifika akiupiga kwa ngumi zote mbili.

"Shemeji! Nifungulie! Shemeji, nakufa!"

Duncan aliruka akakishika kitasa kwa mikono yake mitupu, akaegemea mlango kwa mgongo.

"Usifungue! Mwache! Hayo ni yake, ameyatafuta mwenyewe!"

Na Mokeira? Nisikufiche. Kwa muda wa kupumua mara moja, Mokeira naye alitamani mlango usifunguliwe. Aliona aibu baadaye, lakini alitamani.

Gesare alikuja moja kwa moja, akamsukuma Duncan kwa kiwiko.

"Ondoka hapo."

"Omong'ina, mama yangu, huyu alitaka kukuua!"

"Najua alichotaka. Hii ni nyumba yangu, na huyo ni mtu wa nyumba yangu. Ondoka."

Akalivuta komeo, akaufungua mlango kiasi cha mtu mmoja. Makori akaingia kwa magoti na mikono. Kabla mguu wa pili haujapita vizuri, Mokeira aliurudisha mlango na kulisukuma komeo, na papo hapo miili ya watu ikaugonga kwa nje, gubu!

Makori alilala sakafuni akihema. Alikuwa amelowa petroli kifuani. Gesare alimvuta mpaka kwenye kiti, akamvua koti, akalitupa pembeni. Kisha akachukua kile kikombe cha samawati chenye pengo mdomoni. Akakiweka mbele yake. Akamimina.

"Kunywa."

Makori alikitazama kikombe. Mdomo wake ulianza kutetemeka, kisha mzee mzima akalia kwa sauti, makamasi yanatoka.

"Shemeji, nisamehe."

"Kunywa kwanza. Kusameheana kuna siku yake."

Nje walikuwa wameanza wimbo mpya kwa sauti ya zamani. "Mtoeni! Mtoeni ama tunachoma wote!" Kufuli lilikuwa bado kwenye mlango wa nyuma. Petroli bado imetapakaa sakafuni. Grili bado ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba waliofungiwa walikuwa wameongezeka.

Ndani kulikuwa na joto la kukaangia karanga. Mokeira alivua sweta, akachutama mbele ya Makori, akamshika mkono.

"Mzee, niambie ukweli. Haya mambo ya nywele na manyoya ulijifunza wapi?"

"Mimi sijui hizo mambo!" Makori alisema. "Mimi ni mtu wa kanisa. Nilitaka shamba tu. Hiyo kitu nililetewa ikiwa imefungwa tayari. Nikaambiwa pita hapa, pita saa hii, fukia kwa migomba, siku moja utasema umeona."

"Uliletewa na nani?"

Makori alifungua mdomo. Macho yake yakainuka kutoka kwenye kikombe, yakapita bega la Mokeira, yakaenda kule nyuma yake. Akaufunga mdomo.

"Na nani, mzee?"

"Mokeira!" Ilikuwa sauti ya Edinah, dirishani kabisa, uso umebanwa kwenye grili, simu mkononi. "Mokeira, kuna mkono! Nimeikuza mpaka mwisho. Kabla hajauweka kwapani, kwa pembe ya dirisha kuna mtu anampa Makori ule mkebe! Uso hauonekani, mkono tu. Uko wazi mpaka kiwiko, na umevaa kitu ya shaba!"

Mokeira hakusimama mara moja. Aliikumbuka siku ile. Mpiga picha alikuwa amebaki peke yake na kamera, kwa sababu mwongozaji alitoka nje akisema anakwenda kutafuta netiweki kwenye migomba.

Aligeuka polepole.

Makori alikuwa na fulana tu. Gesare alikuwa amelegeza kitambaa chake. Jasho lilikuwa linawadondoka wote. Duncan alikuwa amesimama kando ya mlango wa nyuma, anatabasamu kidogo. Mikono ya shati lake, ile iliyokunjwa mpaka viwikoni tangu asubuhi, sasa ilikuwa imeshushwa mpaka chini, na vifungo vyote vimefungwa.